Kutengeneza CD na DVD za mafunzo ya kilimo: mambo ya kukamilisha kabla diski haijaondoka mikononi mwako



Kila Nane Nane inapokaribia napata swali moja kutoka kwa vikundi na vyama vya ushirika: "Bwana shamba, tunataka kutengeneza CD ya kikundi chetu, tuanzie wapi?" Wengine wanataka kumwonesha mnunuzi mazao yao. Wengine wanataka video ya kufundishia wanachama walioko mbali. Leo nalijibu swali hili kwa kirefu, hatua kwa hatua. Nitatumia neno diski nikimaanisha CD na DVD zote mbili, na pale zinapotofautiana nitasema.

Najua wapo watakaocheka. CD zama hizi za WhatsApp? Nawaelewa. Lakini huku vijijini bando bado ni gharama, video ya dakika 15 inamaliza salio, na simu nyingi ni za kitochi. Deki ya DVD, TV na sabufa vipo kwenye kibanda umiza, vipo kwa mwenye duka, mara nyingine na kwa mwalimu mkuu. Mahali pa kukalisha watu 40 wakaona kitu kimoja kwa pamoja tayari papo.

Mtauliza, kwa nini isiwe flashi? Kama deki ina tundu la USB, flashi ni nzuri na mimi mwenyewe naitumia. Tatizo lake ni kwamba flashi inafutika. Ikikaa kijijini wiki mbili, utakuta somo lako limeondolewa na zimewekwa nyimbo. Tena inatoka kompyuta hii kwenda ile ikibeba virusi. Diski ya kuandikwa mara moja ikishafungwa hakuna wa kuifuta wala kuibadilisha, na virusi haviwezi kuingia baadaye. Ulichoweka ndicho kitakachokuwepo.

Hapo ndipo penye faida, na ndipo penye hatari pia. Usichoweza kukifuta, huwezi pia kukisahihisha. Nikikosea neno shambani, mkulima ananiuliza na narekebisha palepale. Diski haiulizwi. Inarudia jambo lilelile leo, mwakani na miaka kumi ijayo, mimi nikiwa nimeshahamishwa wilaya. Kwa hiyo nusu ya kazi ya kutengeneza diski inafanyika kabla hata hujawasha kompyuta.

Kwanza, jua unatengeneza diski ya aina gani

Zipo aina tatu, na watu wengi wanazichanganya.

1. Diski ya biashara. Hii inamweleza mnunuzi, benki au mfadhili sisi ni nani, tunalima nini, tunavuna kiasi gani, ubora ukoje. Mara nyingi ni wasilisho la slaidi pamoja na picha.

2. Diski ya programu na nyaraka. Hii ina vitu vya kutumia kwenye kompyuta: jedwali la kupiga hesabu za gharama na faida, fomu za kikundi, vitabu vya mwongozo vya PDF, na programu za kuvifungulia.

3. Diski ya maonesho ya kiufundi. Hii ni video inayoonesha kazi inavyofanyika: kupandikiza, kupogoa, kupiga dawa, kuhifadhi.

Aina mbili za kwanza zinafunguliwa kwenye kompyuta. Aina ya tatu inachezwa kwenye deki. Deki na kompyuta hazisomi diski kwa namna moja, na hapa ndipo vikundi vingi vinapoteza hela. Mtu anachukua video ya MP4 kutoka kwenye simu, anaiburuta kwenye DVD, anachoma. Kwenye laptopu inacheza safi. Akifika kijijini deki inasema haiitambui. Deki ya kawaida inatafuta folda inayoitwa VIDEO_TS yenye video ya mfumo wa MPEG-2. Deki za kisasa kidogo zinaweza kucheza na mafaili mengine, ila usijenge mpango wako juu ya "zinaweza".

Pili, hakikisha unachosema kitabaki kuwa kweli

Nitatoa mifano miwili ili tuelewane.

Chukua neno viwavijeshi. Kabla ya mwaka 2017, mkulima wa Tanzania akisikia viwavijeshi alijua ni wale wanaokuja kwa makundi na kutembea kwa wingi shambani. Unawaona waziwazi. Mwaka 2016 mdudu mwingine kutoka bara la Amerika aligunduliwa Afrika Magharibi, na 2017 akawa ameshafika kwetu. Tukamwita kiwavijeshi vamizi. Huyu hujificha ndani ya mkunjo wa majani ya mhindi, ana alama kama Y iliyogeuzwa kichwani na madoa manne yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Dawa ukiipiga juujuu ya majani humpati, lazima iingie kwenye mkunjo. Sasa fikiria diski ya mwaka 2010 yenye jina "Kudhibiti Viwavijeshi". Ilipotengenezwa ilikuwa sahihi kabisa. Leo mkulima akiiweka kwenye deki atajifunza habari za mdudu ambaye siye aliyeko shambani kwake, na hakuna kitu kwenye diski kitakachomwambia hivyo.

Mfano wa pili ni viuatilifu. Endosulfan ilikuwa dawa ya kawaida kwenye pamba. Mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, yaani zile kemikali ambazo dunia imekubaliana kuziondoa kwa sababu zinakaa muda mrefu kwenye mazingira na kudhuru viumbe. Diski iliyotengenezwa kabla ya hapo ikaitaja kama dawa nzuri bado inaitaja hivyo hadi leo, kwa sauti ileile ya kujiamini.

Kwa hiyo ninashauri hivi:

- Mambo yasiyobadilika yaweke kwenye video: kumtambua mdudu, kusoma lebo ya kiuatilifu, kupima kwa kifuniko au sirinji, kuvaa vifaa vya kujikinga, kuhesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.
- Mambo yanayobadilika yaweke kwenye karatasi inayoambatana na diski: jina la dawa, kipimo, bei, namba za simu. Karatasi unaweza kuichapa upya kila msimu. Kuhusu dawa, hakikisha ipo kwenye orodha ya zilizosajiliwa na TPHPA.
- Mwaka utamkwe ndani ya video yenyewe, mwanzoni. Usitegemee maandishi ya juu ya diski peke yake, yanafutika. "Somo hili limeandaliwa mwaka fulani. Kama imepita miaka mitatu, muulize afisa ugani wako kama kuna mabadiliko." Sekunde kumi tu.

Tatu, usikate hatua ili video iwe fupi

Chukua somo la kuhifadhi mahindi kwenye mifuko ya PICS, ambayo linafaa sana kuoneshwa kwa video. Mfuko una tabaka tatu: mbili za nailoni ndani na moja la kiroba nje. Unapuliza hewa kwenye nailoni kuangalia kama imetoboka. Unajaza, unatoa hewa, unasokota mdomo wa nailoni ya kwanza, unaukunja na kuufunga, halafu ya pili, halafu kiroba. Wadudu waliomo ndani wanamaliza hewa na kufa, hivyo huhitaji dawa. Kwa maneno ni vigumu kueleza huko kusokota na kukunja, lakini mtu akiona mara moja ameelewa.

Sasa anayehariri video anaona imefika dakika 14, anataka 10. Anakata sehemu ya kukausha, maana haina mvuto, ni mahindi yameanikwa tu kwenye turubai. Hapo amefanya jambo la hatari. Mfuko usiopitisha hewa unaua wadudu, lakini haukaushi mahindi. Yakiingia mabichi yataharibika humohumo, na mahindi yasiyokauka vizuri ndiyo chanzo cha ukungu unaoleta sumukuvu. Hii si hadithi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu kutokana na mahindi, na watu walifariki. Kenya mwaka 2004 walifariki watu 125.

Kwa hiyo kipande cha kukausha kinabaki, hata kama hakina mvuto. Onesha na kipimo cha chumvi: chupa kavu, chumvi kavu kidogo, mahindi kiasi, funika, tikisa, acha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado. Isiponata, endelea. Kanuni yangu ni kwamba kabla ya kukata kipande chochote, jiulize mtu akifuata somo bila kipande hicho nini kitamtokea. Kama jibu ni madhara, tafuta kingine cha kukata. Muziki wa utangulizi na salamu za viongozi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nne, hesabu ya nafasi

CD inabeba MB 700. DVD ya kawaida ya tabaka moja imeandikwa GB 4.7, ila kompyuta itakuonesha kama 4.37. Hujaibiwa, ni tofauti ya namna ya kuhesabu: mtengenezaji anahesabu kwa 1000, kompyuta kwa 1024. Ipo pia DVD ya tabaka mbili ya GB 8.5. Mimi siishauri kwa kazi za kijijini, maana deki nyingi za zamani zinaisumbukia.

Video ya DVD kwa mfumo wetu wa PAL ina ukubwa wa pikseli 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Muda unaoingia unategemea kiwango cha data kwa sekunde:

- Megabiti 8 kwa sekunde: saa 1 inachukua kama GB 3.6. Picha nzuri sana.
- Megabiti 6: dakika 90 zinachukua kama GB 4. Picha nzuri.
- Megabiti 5: saa 2 zinaenea kwa shida. Picha inaanza kuchoka.

Ukilazimisha saa 4 kwenye DVD moja, jani lenye madoa ya ugonjwa litaonekana kama jani lenye vumbi. Somo la kutambua ugonjwa halina maana kama doa halionekani. Bora diski mbili.

Ipo pia VCD, video inayowekwa kwenye CD ya kawaida. Inabeba saa moja na kidogo, picha 352 kwa 288. Karibu kila deki inaicheza. Inatosha kwa mazungumzo na maelezo, lakini kwa kuonesha vitu vidogo kama mayai ya wadudu haifai.

Jambo jingine: TV za kizamani zile za kichogo zinakata kingo za picha. Maandishi yako yakae katikati, usiyapeleke pembeni kabisa. Na yawe makubwa. Mtu aliyekaa mstari wa mwisho kwenye kibanda hawezi kusoma herufi ndogo.

Tano, menyu: panga ukijua rimoti imepotea

Kwa kutengeneza DVD yenye menyu ipo programu ya bure inaitwa DVDStyler. Unaingiza video zako, inazibadilisha kuwa mfumo wa DVD, unachora menyu, inakutolea faili moja la ISO lililo tayari kuchomwa.

Menyu nzuri ina vitufe vichache, maandishi makubwa, rangi zinazotofautiana. Ila kumbuka jambo hili: vijijini rimoti nyingi zimepotea au hazina betri, na deki nyingi zina vitufe viwili vitatu tu usoni. Menyu inayosubiri mtu achague haitacheza kamwe. Kwa hiyo iwekee muda. Sekunde 20 zikipita bila mtu kubonyeza, somo la kwanza lianze lenyewe, likiisha lifuate la pili, mpaka mwisho. Masomo yapangwe kwa mtiririko wa msimu, ili hata asiye na rimoti apate mambo kwa mpangilio.

Gawa somo katika vipande vya dakika 5 hadi 15. Watu wakimaliza kipande, kiongozi wa kikundi anasimamisha na mnajadili. Video peke yake bila mjadala ni kama sinema.

Halafu lugha. DVD moja inaweza kubeba njia za sauti mpaka 8 kwa picha ileile. Unaweza kuweka Kiswahili na Kisukuma kwenye diski moja, picha haijirudii, hivyo hailipi nafasi kubwa. Ni jambo la maana kwa wazee wetu, na kwa kina mama ambao ndio wanaofanya kazi nyingi ya hifadhi ya mazao nyumbani. Kama wengi wa walengwa wanatumia lugha ya nyumbani, hiyo ndiyo iwe sauti ya kwanza, ile inayoanza bila kubonyeza kitu.

Na sauti ni muhimu kuliko picha. Picha ikiwa na kivuli watu watavumilia. Sauti ikiwa na upepo hakuna atakayesikia. Kipaza sauti kikae karibu na mdomo wa msemaji, na rekodi asubuhi kabla upepo haujaanza.

Sita, diski ya biashara

Mnunuzi ataiweka kwenye kompyuta yake, ambayo hujui ina nini. Wasilisho ulilotengeneza kwa PowerPoint mpya linaweza kufunguka kwake herufi zikiwa zimebadilika na picha zimehama. Zamani watu walikuwa wanaweka pamoja na ile programu ndogo ya Microsoft ya kutazamia tu, lakini Microsoft waliacha kuitoa mwaka 2018. Kwa hiyo weka mambo matatu:

- Wasilisho lenyewe, kwa atakayetaka kulifungua kamili.
- Nakala ya PDF, ambayo inabeba herufi zake yenyewe na inafunguka karibu popote.
- Nakala ya video. PowerPoint kuanzia toleo la 2010 inaweza kulihifadhi wasilisho kama video. Hii ni kwa yule atakayelionesha kwenye skrini akiwa amesimama.

Kama ndani ya wasilisho kuna video, iweke kwenye folda moja na wasilisho kabla ya kuiunganisha. Usipofanya hivyo, wasilisho litakuwa linaitafuta kwenye laptopu yako iliyobaki nyumbani.

Kwa yaliyomo, mnunuzi hataki historia ndefu. Anataka zao gani, aina gani ya mbegu, tani ngapi mnaweza kukusanya na mwezi gani, unyevu wa nafaka, mnahifadhi wapi, gari linafika au halifiki, na nani wa kuongea naye. Usiandike tani ambazo hamna. Mnunuzi akileta lori la tani 10 akakuta gunia 40, hiyo diski yenu nzuri imewaharibia jina.

Saba, diski ya programu

Hapa sheria yangu ni kwamba usimpe mtu faili ambalo hana cha kulifungulia. Ukiweka jedwali la hesabu, weka na LibreOffice. Ukiweka video, weka na VLC. Zote mbili ni za bure na leseni zake zinaruhusu kunakili na kugawa. Programu za kulipia zilizovunjwa usiziweke, hata kama fundi wa steshenari atakuambia hakuna shida. Mbali na sheria, nyingi zinakuja na virusi, na ukishavichoma kwenye diski hutavitoa tena. Skani kila kitu kabla ya kuchoma.

Angalia kompyuta za walengwa. Zile za zamani zinaweza kuwa za biti 32, na programu ya biti 64 haitaingia humo. Majina ya mafaili yawe mafupi na yanaeleweka. Anza kwa namba: 01, 02, 03, ili yajipange. La kwanza kabisa liitwe 00_SOMA_KWANZA, lieleze kwa mistari michache kuna nini na aanzie wapi. Usitegemee diski ijifungue yenyewe ikiingia, maana Windows za sasa zinamuuliza mtumiaji kwanza, na wengine wamezima kabisa.

Nane, kuchoma

Laptopu nyingi mpya hazina tundu la diski. Utahitaji kichomeo cha nje cha USB. Kwa kuchoma, ImgBurn ni ya bure na inafanya kazi vizuri, na Windows kuanzia 7 inaweza kuchoma faili la ISO yenyewe.

Mambo ya kuzingatia:

- Nunua DVD-R kwa ajili ya deki za zamani. Zinaelewana nazo kuliko DVD+R. Epuka za kufutika na kuandikwa tena.
- Usichome kwa kasi ya juu kabisa. Kasi ya 8 inatosha, inamaliza DVD nzima kwa kama dakika 10.
- Hakikisha diski inafungwa mwishoni, isiachwe wazi kuongezewa. Isiyofungwa deki nyingi hazitaisoma.
- Washa uhakiki, programu isome upya ilichoandika na kulinganisha. Inaongeza dakika chache kwa kila diski, ila inakuokoa.
- Umeme ukikatika katikati, diski hiyo imekufa. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa.
- Usibandike karatasi juu ya diski. Inayumba ikizunguka, na ikipata joto inabanduka ndani ya deki. Andika kwa kalamu ya wino yenye ncha laini. Kwenye CD uwe mwangalifu zaidi, maana data imekaa chini tu ya upande wa juu, ule wa kuandikia. Mkwaruzo wa huko ni mbaya kuliko wa chini.

Sasa hesabu ya kazi. Diski moja pamoja na uhakiki ni kama dakika 15. Saa moja diski 4. Diski 100 ni saa 25 za kukaa na kubadilisha. Ukifika hapo tafuta mwenye mnara wa kunakilia. Una tundu moja la diski mama na matundu 7 au 10 ya kuchomea, unafanya kazi bila kompyuta. Ukihitaji elfu moja na zaidi, hiyo ni kazi ya kiwandani. Kule hawachomi. Wanatengeneza muhuri wa chuma kutokana na nakala mama, wanagandamiza plastiki iliyoyeyushwa, wanapaka alumini na kuifunika kwa vanishi. Ndiyo maana diski za kiwandani chini ni za rangi ya fedha, za kuchoma zina rangi ya zambarau au kijani. Zile zambarau ni rangi inayobadilishwa na mwanga wa laser, na jua linaiharibu. Diski ya kuchoma ikiachwa kwenye dashibodi ya gari haina maisha marefu.

Tisa, ijaribu kwenye deki mbovu kuliko zote

Usichome mia kabla hujachoma moja. Hiyo moja usiijaribu kwenye laptopu yako. Peleka kwenye deki kuukuu kuliko zote unayoijua. Icheze mwanzo hadi mwisho, siyo dakika mbili. Kisha fanya jaribio la pili, ambalo wengi wanaliruka. Kaa na watu watano wa kijiji ambao hawakushiriki kurekodi. Usieleze kitu. Diski ikiisha waambie wakuoneshe kwa mikono walichojifunza. Wape mfuko na mahindi, waufunge. Pale watakapokosea, kosa ni la diski, na bado una nafasi ya kurekebisha. Ukishagawa mia, nafasi hiyo haipo.

Kumi, kugawa na kukumbuka ulikogawa

Weka daftari: diski namba ngapi, kijiji gani, anayo nani, tarehe gani. Namba iandikwe kwenye diski. Siku jambo likibadilika, dawa ikiondolewa au mdudu mpya akiingia, unapita na daftari lako: lete ya zamani, chukua mpya. Usiseme tu "ile ya zamani msiitumie." Ichukue. Bila daftari hujui hata pa kuanzia.

Waelekeze pia namna ya kuitunza: kwenye kasha lake, mbali na jua na vumbi. Ikichafuka, ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, siyo kwa kuzungusha.

Na mwisho haki za watu. Muziki wa msanii usiuweke bila ruhusa. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA wapo. Mkulima unayemrekodi aridhie, hasa kama utaonesha nyumba yake au kutaja mapato yake. Kama diski itauzwa badala ya kugawiwa bure, waulizeni Bodi ya Filamu na TRA mapema kuhusu taratibu zao.

Kama kikundi chenu kina wazo la diski, anzeni na karatasi kabla ya kamera. Andikeni mistari mitano: ni ya nani, itachezwa kwenye nini, afanye nini baada ya kuiona, ni hatua gani haiwezi kukatwa, na itakaguliwa upya mwaka gani. Mkishindwa kujaza mstari wa tano, msichome kwanza. Njooni na karatasi hiyo ofisini kwangu au kwa afisa ugani wa kata yenu, tuipitie pamoja.

Nawatakia maandalizi mema.